Newton: Kutoka kufua nguo hadi kufua umeme

MASHINE ya mwisho ya kufulia nguo iliyotengenezwa Newton, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, ilitoka kiwandani Alhamisi ya Oktoba 25, 2007. Ilikuwa imepita miaka 100 tangu kampuni ya Maytag ilipotengeneza mashine yake ya kwanza katika mji huo huo, mwaka 1907.

Miezi 19 kabla ya siku hiyo, wanahisa wa Maytag walikuwa wamekwisha kupokea malipo yao. Walipewa takriban dola 21 kwa kila hisa, nusu fedha taslimu na nusu hisa za kampuni ya Whirlpool iliyowanunua. Kabla zabuni ya kwanza haijatangazwa Mei 2005, hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 12. Kwa mwenye hisa ilikuwa biashara nzuri. Kwa mwenye kibarua katika kiwanda cha Newton, biashara hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia lango.

Tatizo ni kwamba katika mji mdogo wa kiwanda kimoja, mwenye hisa na mwenye kibarua mara nyingi ni mtu yule yule.

Newton ni makao makuu ya wilaya ya Jasper, umbali wa kilometa 50 hivi mashariki mwa Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Barabara kuu ya taifa namba 80, inayokata Marekani kutoka mashariki hadi magharibi, inapita pembeni mwa mji. Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu watu 15,579. Pande zote ni mashamba ya mahindi na soya. Ukiondoa jina la Maytag, ambalo lipo kwenye bustani ya mji na kwenye hoteli ya zamani katikati ya mji, ungeweza kuipita Newton bila kugeuza shingo.

Mtaji wa dola 2,400

Biashara yenyewe ilianza mwaka 1893. Frederick Louis Maytag, aliyekuwa akiuza zana za kilimo na mbao, aliungana na shemeji zake wawili na fundi aitwaye George Parsons. Kila mmoja alitoa dola 600, jumla dola 2,400. Hawakuwa na habari na nguo chafu. Walikuwa wakitengeneza kifaa cha kukata kamba za miganda na kulisha ngano kwenye mashine ya kupura nafaka, na kabla ya karne kwisha bidhaa yao ilikuwa imeshika soko.

Ugonjwa wa biashara hiyo kila mfanyabiashara wa mazao anaufahamu: msimu. Mkulima ananunua zana za kuvunia karibu na mavuno. Baada ya hapo mafundi wanakaa, moto wa kalibu unazimika, na mishahara inaendelea kudai. Ili kuziba pengo hilo, mwaka 1907 kampuni ilianza kutengeneza mashine ya kufulia ya pipa la mbao, iliyozungushwa kwa mkono.

Maytag alijaribu pia magari. Mwaka 1910 kampuni ya Maytag-Mason ilikuwa ikiunda magari katika mji wa Waterloo, Iowa, na fundi wake mkuu alikuwa Fred Duesenberg, ambaye baadaye jina lake lilikuja kuwa alama ya magari ya kifahari Marekani. Magari hayakulipa na Maytag alijitoa. Akarudi kwenye mapipa.

Hatua iliyomtajirisha ilitokana na kumjua mteja wake. Mashine ya umeme ya Maytag ilikuwapo tangu 1911, lakini mke wa mkulima wa Iowa hakuwa na umeme. Mashamba mengi ya Marekani yalikaa gizani hadi serikali ilipoanzisha mpango wa umeme vijijini katika miaka ya 1930. Kwa hiyo Maytag aliweka injini ndogo ya petroli chini ya mashine, akaiuza kwa wale wale waliokuwa wakinunua zana zake za kuvunia. Washindani wake walikuwa wakigombea wateja wa mijini ambako nyaya zilikwisha kufika. Yeye alikwenda ambako hazikuwa zimefika, na huko hakukuwa na foleni.

Mwaka 1922 fundi wa kampuni, Howard Snyder, aligeuza kanuni ya ufuaji. Badala ya kuzivuta nguo ndani ya maji, alifunga pangaboi chini ya pipa la aluminiamu lisukume maji kupita ndani ya nguo. Mauzo yalipanda kiasi kwamba kampuni iliachana kabisa na zana za kilimo. Mwaka 1925 hisa zake ziliorodheshwa katika soko la New York.

Viwanda vingine vya mashine za kufulia, kama One Minute na Automatic, navyo vilikuwa Newton, na mji ukajipa cheo cha kitovu cha mashine za kufulia duniani. Cheo hicho hakikuwa cha majigambo matupu. Kulikuwa na mafundi wa kalibu, wachonga vyuma, wapaka rangi na makarani waliojua kazi moja vizuri. Lakini mwishowe wale wengine walikufa au kumezwa, na mji ukabaki na mwajiri mmoja mkubwa.

Mji wenye mwajiri mmoja mkubwa ulionja machungu mapema. Mwaka 1938, mwaka mmoja baada ya mwasisi kufariki, kampuni ilipunguza mishahara kwa asilimia 10 na wafanyakazi wakagoma. Gavana alipeleka askari na kutangaza utawala wa kijeshi. Wafanyakazi walirudi kazini mwezi Agosti wakiwa na mshahara ule ule uliopunguzwa.

Fundi asiye na kazi

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalitulia, na kwa miaka kama 40 Newton iliishi vizuri kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Maytag ilijenga kiwanda cha pili kwa ajili ya mashine za kujiendesha zenyewe. Kijana aliyemaliza sekondari angeweza kuingia kiwandani, kujenga nyumba, kusomesha watoto na kustaafu na pensheni bila kuondoka wilayani. Makao makuu ya kampuni yalibaki hapo hapo mjini, kwa hiyo wahasibu, wahandisi na mameneja nao walilipa kodi hapo na kununua bidhaa madukani hapo. Wakati wa neema, karibu watu 4,000 walikuwa wakilipwa na Maytag katika mji wa watu 15,000.

Kampuni iliuza kwa bei ya juu kuliko wenzake, na hoja yake ilikuwa uimara. Tangu mwaka 1967 tangazo lake la televisheni lilimwonyesha fundi wa Maytag akikaa mpweke ofisini kwa sababu mashine haziharibiki na hakuna anayemwita. Tangazo hilo lilidumu miongo kadhaa na linahesabiwa kati ya yaliyofanikiwa zaidi Marekani.

Hata hivyo, tangazo hilo lilikuwa na mtego ndani yake. Mashine isiyoharibika hununuliwa mara moja katika miaka 15 au 20. Kila nyumba ikishapata yake, kampuni haina tena pa kukulia ila kwa kununua kampuni nyingine. Ndivyo Maytag ilivyofanya katika miaka ya 1980, kwanza Jenn-Air, kisha Magic Chef mwaka 1986, halafu Chicago Pacific mwaka 1989 kwa karibu dola bilioni moja. Ununuzi huo wa mwisho ndio uliowaletea Hoover, pamoja na viwanda vyake vya Uingereza.

Kisa cha Hoover bado kinasimuliwa katika madarasa ya biashara. Mwaka 1992, ikitaka kumaliza bidhaa zilizojaa ghalani, Hoover ya Uingereza iliahidi tiketi mbili za ndege za bure kwa kila atakayenunua kifaa cha pauni 100 au zaidi. Kwanza ilikuwa safari za Ulaya, baadaye Marekani. Mtoto wa darasa la saba angeweza kuona kwamba tiketi mbili za kwenda New York zina thamani kubwa kuliko pauni 100. Watu walinunua mashine za kusafishia mazulia wasizozihitaji, wengine wakaziuza zikiwa bado ndani ya maboksi, wakabaki na haki ya kusafiri. Kampuni ilishindwa kuwatimizia wengi na kesi zikafuata. Hasara ilikaribia pauni milioni 50. Mwaka 1995 Maytag iliiuza Hoover ya Ulaya kwa kampuni ya Candy ya Italia kwa dola milioni 170.

Mji mdogo wa Iowa haukuwa na kosa lolote katika ofa hiyo ya Uingereza. Lakini fedha zilizolipia tiketi ndizo ambazo zingeweza kununua mitambo mipya ya Newton, na miaka kumi baadaye uchakavu wa mitambo na gharama za uzalishaji zilikuwa miongoni mwa hoja za kukifunga kiwanda.

Hisa yapanda, hisa yaanguka

Mwaka 1997 Maytag ilitoa mashine ya kufungulia mbele, Neptune, iliyotumia maji na umeme kidogo. Ilikuwa ghali lakini iliuzwa kwa kasi. Hisa ikakimbia, na katikati ya 1999 ilivuka dola 70. Septemba mwaka huo kampuni ilionya kwamba faida itakuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na bei ikaporomoka. Baadaye wateja wa Neptune walilalamikia ukungu na harufu mbaya ndani ya mashine, na suala hilo likafika mahakamani. Kwa kampuni iliyojenga jina juu ya fundi asiye na kazi, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko thamani ya fidia.

Wakati huo huo washindani walikuwa wakipunguza gharama kwa kuhamia kwenye mishahara midogo, na LG na Samsung za Korea Kusini zilikuwa zikiingia sokoni. Maytag ilifuata njia hiyo hiyo kwa kuchelewa. Mwaka 2004 ilifunga kiwanda chake cha majokofu mjini Galesburg, Illinois, chenye wafanyakazi wapatao 1,600, na kuhamishia sehemu ya kazi Reynosa, Mexico. Juni mwaka huo huo wafanyakazi zaidi ya 1,500 wa Newton waligoma kwa wiki tatu. Walirudi bila ushindi wa maana, kila mmoja akiijua habari ya Galesburg.

Mei 2005 kampuni ya uwekezaji ya Ripplewood ilitoa dau la dola 14 kwa hisa na bodi ikalikubali. Mwezi uliofuata Haier ya China, ikishirikiana na wawekezaji wa Kimarekani, ilionyesha nia ya kutoa dola 16, kisha ikajitoa Julai. Whirlpool, mshindani mkubwa kuliko wote, iliingia na dola 17 na kuendelea kupandisha hadi 21 mwezi Agosti. Ililipa hata dola milioni 40 za kuvunja makubaliano na Ripplewood. Mwenyekiti wa Maytag wakati huo, Ralph Hake, alikuwa amewahi kuwa mmoja wa wakuu wa Whirlpool yenyewe.

Hesabu ya mwekezaji mdogo inaonyesha vizuri kilichotokea. Aliyenunua hisa 100 kwa dola 12 Mei 2005 alitoa dola 1,200 na kupata takriban dola 2,100 katika muda usiofika mwaka. Aliyenunua hisa 100 kwa dola 70 katikati ya 1999 alitoa dola 7,000 na kupata dola 2,100 hizo hizo, pamoja na gawio la miaka ya katikati. Wa kwanza kwa kawaida alikuwa mlanguzi wa New York aliyefuata harufu ya zabuni. Wa pili angeweza kuwa mfanyakazi aliyekuwa akijiwekea hisa za mwajiri wake kwa ajili ya uzee. Mtu wa namna hiyo alikuwa na mshahara, pensheni, bima ya matibabu, akiba na hata thamani ya nyumba yake vyote vikitegemea kampuni moja, na vyote vilitikisika kwa pamoja.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilipitia muungano huo kwa sababu kampuni hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya nusu ya soko la mashine za kufulia nchini humo. Machi 2006 iliuruhusu, ikisema Wakorea na wengine wataleta ushindani wa kutosha. Machi 31 mauzo yalikamilika kwa takriban dola bilioni 1.7, mbali na madeni ya Maytag ambayo Whirlpool iliyabeba.

Mei 2006 Whirlpool ilitangaza kufunga viwanda vya Newton, Herrin katika Illinois na Searcy katika Arkansas, pamoja na makao makuu ya Newton. Mantiki yake ya kibiashara haikuwa ngumu kueleweka. Whirlpool ilikuwa na kiwanda kikubwa cha mashine za kufulia huko Clyde, Ohio, chenye nafasi ya kutosha, na viwanda viwili kwa kazi ya kimoja ni gharama. Kilichonunuliwa kilikuwa jina na wateja. Newton haikuwemo kwenye orodha ya vitu vinavyotakiwa. Kazi zilizopotea mjini, za kiwandani na za ofisini, zilikuwa karibu 1,800.

Wastaafu nao hawakusalimika. Whirlpool ilitaka kupunguza mafao yao ya matibabu, chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kikapinga, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilikubaliana na kampuni.

Upepo

Wengi walitabiri kwamba Newton itageuka gofu. Haikugeuka. Sensa ya 2010 ilihesabu watu 15,254, na ile ya 2020 watu 15,760, yaani wengi kidogo kuliko kabla ya kiwanda kufungwa. Sababu kubwa ni barabara namba 80. Des Moines, yenye kampuni za bima na mabenki, iko mwendo wa nusu saa kwa gari. Miji ya viwanda iliyo mbali na mji mkubwa, kama Galesburg, haikuwa na bahati hiyo. Watu walibaki Newton kulala, wakaenda kwingine kufanya kazi.

Viongozi wa mji nao hawakukaa. Uwanja wa mashindano ya magari, Iowa Speedway, ulifunguliwa Septemba 2006, miezi michache baada ya tangazo la Whirlpool, na Juni 2024 ulipokea kwa mara ya kwanza mbio za daraja la juu za NASCAR. Majengo ya makao makuu ya zamani yamegeuzwa madarasa ya chuo na ofisi za kampuni ndogo ndogo.

Lakini tegemeo kubwa lilikuwa upepo, ambao Iowa inao mwingi. Mwaka 2008 kampuni ya TPI Composites, kwa msaada wa vivutio vya kodi na fedha za umma, ilifungua kiwanda cha mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo, kila panga likiwa na urefu wa zaidi ya meta 30. Kampuni ya Trinity iliingia katika kiwanda cha zamani namba 2 cha Maytag na kuanza kutengeneza minara ya chuma ya kubebea mitambo hiyo. Aprili 22, 2009, Rais Barack Obama alifika katika kiwanda hicho kueleza sera yake ya nishati. Mji ulioishi kwa kufua nguo ulikuwa sasa unaishi kwa kufua umeme.

Mishahara haikuwa ile. Maytag ilikuwa ikilipa wafanyakazi wa kiwandani karibu dola 19 kwa saa, na TPI ilianza na karibu dola 13. Kwa saa 2,000 za kazi kwa mwaka, hiyo ni tofauti ya dola 12,000 kwa kila mtu, fedha ambazo zilikuwa zikiishia kwenye maduka na benki za mji.

Aidha, biashara ya mapanga ilirudisha ugonjwa wa 1893 kwa sura nyingine. Msimu wake sasa uliletwa na bunge la Washington, ambalo kila baada ya miaka michache lilikuwa likiamua kama litaendeleza nafuu ya kodi kwa umeme wa upepo. Mteja mkuu wa TPI mjini Newton alikuwa mmoja, General Electric. Mwishoni mwa 2021 oda zilikauka na kiwanda kikafungwa, zaidi ya watu 700 wakapoteza kazi, baadhi yao wakiwa ndio wale wale waliofungiwa lango na Maytag. Baadaye TPI na GE zilikubaliana kukifungua tena, na ajira zikaanza upya mwaka 2024. Agosti 2025 TPI, ambayo nayo hisa zake zilikuwa sokoni, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Kuna bidhaa moja ambayo haikuwemo katika mauzo ya 2006. Mwaka 1941 familia ya Maytag, kwa kutumia ng'ombe wake wa maziwa na mbinu zilizobuniwa katika chuo kikuu cha jimbo huko Ames, ilianzisha shughuli ya kutengeneza jibini la buluu nje kidogo ya Newton. Shughuli hiyo ilikuwa mali ya familia, si ya kampuni yenye hisa sokoni, kwa hiyo Whirlpool haikuweza kuinunua. Mashine zenye jina la Maytag zilipohamia Ohio, jibini lenye jina hilo liliendelea kutengenezwa Newton.